Maji Yaliyo Chini ya Mfereji: Kutoka, Kutoa na Kutosha katika Kiswahili cha Likasi

1. Utangulizi

Makala haya yalianza kwa kosa langu mwenyewe. Mama yangu mdogo anaishi Likasi, katika nyumba iliyojengwa kwenye mteremko. Chumba cha chini kimechimbwa ubavuni mwa kilima, na humo ndimo alimoweka mashine ya kufulia nguo, kwa kuwa juu hapakuwa na nafasi. Tatizo ni kwamba sakafu ya chumba hicho iko karibu mita mbili chini ya bomba kuu linalopeleka maji machafu mferejini. Mashine yenyewe ina pampu ndogo ndani yake, lakini pampu hiyo imetengenezwa kuinua maji kwa kimo cha kama mita moja tu. Kwa hiyo fundi alichimba shimo dogo, akalijengea kwa saruji, akaweka ndani yake pampu ya kuzama majini. Mashine humwaga maji shimoni, kisha pampu ya shimoni huyapandisha kwa bomba la plastiki hadi kwenye bomba kuu. Pampu hiyo haiwaki yenyewe. Lazima mtu abonyeze swichi ukutani.

Mama mdogo alipompangisha chumba dereva wa lori kutoka Tanzania, aliniomba nimwandikie maelezo ya kubandika ukutani. Akanisomea sentensi moja:

(1) Pompe itatosha mayi mu shimo.

Mimi, mwanafunzi wa isimu, niliona sentensi hiyo ina matatizo matatu. Pompe ni neno la Kifaransa. Mu shimo si muundo wa Kiswahili sanifu, ambao ungesema shimoni. Na kutosha, kwa Mtanzania, ni kuwa na kiasi kinachohitajika. Nikaisafisha sentensi, nikaandika:

(2) Maji ya shimoni yatatoka.

Jumamosi iliyofuata mpangaji alifua mara mbili mfululizo. Shimo likajaa, maji yakapanda sakafuni, yakalowesha gunia la unga na kufika hatua mbili kutoka kwenye waya wa umeme uliokuwa umelazwa chini. "Mama," alisema, "karatasi imeandika maji yatatoka. Nikayasubiri." Mama mdogo akanigeukia: "Miye nilisema pompe. We ulitosha pompe."

Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimeiondoa pampu katika sentensi. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba kosa hilo ni la sarufi na halitokani na uzembe wa kuandika peke yake, kwamba Kiswahili kina njia nyepesi mno ya kumficha mtendaji pale maji yanapohusika, na kwamba njia hiyo hiyo hutumika tunaposimulia habari za shimo kubwa zaidi lililo karibu na Likasi, yaani mgodi wa Shinkolobwe.

2. Maji yanayokwenda yenyewe

Tukikusanya vitenzi tunavyotumia kila siku kuhusu mwendo wa maji, tutaona kwamba vingi ni vitenzi visoelekezi, yaani havihitaji yambwa. Maji ndiyo kiima, na maji ndiyo yanayotenda: yanatoka, yanashuka, yanatiririka, yanachuruzika, yanavuja, yanamwagika, yanapwa. Tazama mifano:

(3) Maji yanatiririka kwenda mferejini.
(4) Bomba limezibuka, maji yameshuka.
(5) Kisima kimekauka.

Katika sentensi hizi hakuna mtu. Katika (4) bomba "limezibuka". Umbo hili linatokana na ziba, kisha kauli ya kutendua zibua, kisha kauli ya kutendeka zibuka. Huenda fundi alishinda asubuhi nzima amepiga magoti na waya mkononi, lakini kauli ya kutendeka imemfuta. Inatueleza hali ya bomba basi. Katika (5), kauka linafanana kwa sura na vitenzi vya kutendeka, ingawa Kiswahili hakina kitenzi kaua kinachoweza kuwa chanzo chake. Kisima kinakauka kama jani linavyokauka, bila kukaushwa na mtu.

Lugha haijakosea hapa. Mara nyingi maji hufanya hivyo hasa. Paa likiwa juu ya bustani na bustani ikiwa juu ya mfereji, uzito wa maji unatosha kuyashusha. Sentensi isiyo na mtendaji inasema kweli, kwa sababu mtendaji hahitajiki. Tabu huanza pale maji yanapokuwa chini kuliko njia yake ya kutokea.

3. Maji yasiyokwenda yenyewe

Watu wa mwambao wanaijua hali hii tangu zamani, kwa sababu kila chombo cha mbao baharini kina maji yaliyo chini ya mfereji wake. Maji huvuja kupitia maungio ya mbao na kujikusanya ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo. Hayawezi kutoka yenyewe, kwani bahari nje iko juu kuliko ngama. Ukitoboa tundu ili yatoke, yataingia mengine. Lazima mtu achukue upo, ayachote, ayainue juu ya ubavu wa chombo na kuyamwaga nje. Kazi hiyo huitwa kufua maji, au kukumba maji. Vitenzi hivyo viwili ni elekezi: mtu ndiye kiima, maji ndiyo yambwa. Hatusemi maji yanafua, wala maji yanakumba.

Hapa ndipo tofauti inapoonekana. Vitenzi vya maji yanayoinuliwa havina budi kumtaja anayeinua au chombo kinachoinua: kuteka, kuchota, kukumba, kuvuta, kusukuma, kupandisha, kutoa. Tukiviweka karibu na vile vya sehemu ya 2 tunapata jozi:

(6) Maji yanatoka. / Pampu inatoa maji.
(7) Maji yanapanda. / Pampu inapandisha maji.
(8) Shimo limekauka. / Fundi amekausha shimo.

Sentensi za kushoto za (6) na (8) zinafaa kwa nyumba iliyo juu ya mfereji. Kwa chumba cha mama mdogo, sentensi hizo si pungufu tu, ni za uongo. Maji ya shimo lile hayatatoka, na shimo halitakauka kwa muda unaomfaa mtu anayefua. Sentensi ya kushoto ya (7) ni kweli, lakini ukweli wake ni ule wa sakafu iliyoloa.

Hata miongoni mwa vitenzi elekezi, uchaguzi una uzito. Watu wengi huita kila pampu "mashine ya kuvuta maji". Kuvuta kunamweka mtendaji juu, maji chini, na nguvu ikitokea upande wa juu, kama mtu anayevuta kamba ya ndoo. Lakini pampu iliyo juu haivuti maji kwa maana hiyo. Inapunguza hewa ndani ya bomba, kisha hewa ya nje inayakandamiza maji ya shimoni na kuyapandisha. Mgandamizo huo una mpaka. Usawa wa bahari, hauwezi kupandisha maji zaidi ya kama mita 10, hata pampu iwe na nguvu kiasi gani. Likasi iko kwenye mwinuko wa kama mita 1,300, na huko mpaka hushuka chini ya mita 9. Kwa shimo la kina kuliko hapo pampu lazima iwekwe chini, majini au karibu nayo, isukume. Anayeandika "vuta" katika maelezo ya shimo refu anamwelekeza msomaji aweke pampu mahali isipoweza kufanya kazi. Anayeandika "sukuma" anamwelekeza aishushe.

4. Kutosha: kosa ambalo halikuwa kosa

Sasa turudi kwenye sentensi (1) na kitenzi nilichokikimbia. Katika Kiswahili cha Katanga, kutosha kuna maana ya kuondoa kitu mahali kilipo, kukitoa nje. Wanafunzi wenzangu wa Afrika Mashariki hucheka wanapokisikia kwa mara ya kwanza. Lakini ukikichunguza kwa kanuni za unyambulishaji ni kitenzi chenye nidhamu kamili. Vitenzi vingi vinavyoishia kwa -ka hupata kauli ya kutendesha kwa kugeuza k kuwa sh:

(9) amka – amsha
    shuka – shusha
    waka – washa
    anguka – angusha
    kauka – kausha
    toka – tosha

Jozi ya mwisho ni ya kawaida kama zile tano za kwanza. Anayetosha maji ni yule anayeyafanya yatoke, kama anayeshusha mzigo alivyo yule anayeufanya ushuke. Kiswahili sanifu kimeelekea kutumia kutoa kwa kazi hiyo, na kutosha kimebaki na maana ya kukidhi haja. Kiswahili cha Katanga kimeiacha kanuni ifanye kazi yake.

Hofu yangu kuhusu mpangaji wa Tanzania haikuwa bure. Mtu asiyekijua Kiswahili cha Likasi angeweza kusoma "pompe itatosha mayi" kuwa pampu ni kubwa kiasi cha kuyamudu maji hayo. Kuwepo kwa yambwa hakumsaidii, kwa sababu hata kutosha kwa maana ya kukidhi haja hukubali yambwa, kama katika "chakula kitawatosha wageni". Kwa hiyo palikuwa na haja ya kutafsiri. Kosa lilikuwa katika kile nilichochagua. Mbele yangu palikuwa na kutoa, kitenzi sanifu, elekezi, ambacho kingeiacha pampu mahali pake:

(10) Pampu itatoa maji ya shimoni.

Badala yake nilirudi kwenye mzizi, toka, nikavua kauli ya kutendesha pamoja na mtendaji wake. Nadhani nilifanya hivyo kwa sababu (2) ilinisikikia kuwa nzuri: fupi, laini, ya kitabuni. Tunapoona lahaja ya nyumbani kuwa ni kitu cha kusafishwa, tunajali zaidi sura ya maneno kuliko kazi yaliyokuwa yakifanya. Mama mdogo, ambaye hajawahi kusoma somo la unyambulishaji, alikuwa ametaja vyote: chombo (pompe), tendo (itatosha), kinachotendwa (mayi) na mahali (mu shimo). Nilibakisha viwili tu.

5. Shinkolobwe: nani aliutoa maji mgodi?

Mgodi wa Shinkolobwe uko kama kilomita 20 magharibi ya Likasi, mji ulioitwa Jadotville wakati wa ukoloni. Madini yake ya urani yaligunduliwa mwaka 1915 na Mwingereza Robert Rich Sharp, na uchimbaji ukaanza mwaka 1921 chini ya kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906. Wakati huo kilichotafutwa hasa ni radiamu, iliyosafishwa Olen nchini Ubelgiji. Mwaka 1937 mgodi ulifungwa, na maji yakaujaza. Vita Vya Pili vya Dunia vilipogeuza urani kuwa mali ya siri kubwa, mgodi ukahitajika tena. Jeshi la Marekani lilituma wahandisi wake kusaidia kuurudisha kazini, na kabla vita havijaisha ulikuwa ukichimbwa upya.

Mgodi wa chini ya ardhi ni chumba cha mama mdogo kilichokuzwa mara nyingi. Njia zake ziko chini ya mabonde yaliyouzunguka, na maji ya ardhini huingia usiku na mchana. Mgodi unapofanya kazi, pampu haziruhusiwi kupumzika. Siku zinapozimwa, hakuna anayehitaji kufanya lolote ili mgodi ufurike. Kwa hiyo sentensi hii ni kweli kihistoria na kisarufi:

(11) Mgodi ulijaa maji.

Kujaa hakuhitaji mtendaji. Maji yalikwenda yenyewe, kama katika sehemu ya 2. Lakini angalia namna ya kusimulia hatua iliyofuata. Nimesikia, na mimi mwenyewe nimewahi kusema, sentensi za aina hii:

(12) Mgodi ulikauka, ukafunguka tena.
(13) Mgodi ulikaushwa, ukafunguliwa tena.
(14) Urani ilitoka Shinkolobwe.

Sentensi (12) haiwezi kuwa kweli. Mgodi uliofurika haukauki, kwa sababu hiyo hiyo iliyolifanya shimo la mama mdogo lisikauke: hakuna mfereji chini yake. Kila lita ilipaswa kuinuliwa, na kadiri maji yanavyoshuka katika shimo la aina hiyo ndivyo pampu zinavyopaswa kushushwa zaidi kuyafuata, kutokana na ule mpaka wa mita tulioutaja. Pampu huhitaji nguvu ya kuziendesha, mabomba huhitaji kuungwa, matope huhitaji kuondolewa, na mbao zilizooza huhitaji kubadilishwa. Hizo ni kazi za watu.

Sentensi (13) ni bora. Kauli ya kutendesha katika kausha inadai kwamba yuko aliyekausha, na kauli ya kutendwa inakubali hivyo. Hata hivyo inaturuhusu tusimtaje. Kiswahili kina nafasi mbili mwishoni mwa sentensi kama hiyo, moja ya mtendaji, inayoanza kwa na, na moja ya kitumizi, inayoanza kwa kwa. Zote mbili zinaweza kuachwa wazi bila sentensi kuvunjika. Simulizi zinapoijaza nafasi ya kwanza, kwa kawaida huijaza kwa wahandisi wa Marekani, au kwa jina la Edgar Sengier, mkurugenzi wa Union Minière. Waafrika walioshuka chini ya ardhi, wakachimba na kubeba madini yale, huingia kwa neno moja la jumla, "wafanyakazi", kama wakiingia kabisa.

Sentensi (14) ndiyo inayosemwa zaidi, nami sikuwahi kuitilia shaka kabla ya ile Jumamosi. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Marekani katika mradi wa Manhattan, uliozaa bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, ina asili yake hapa. Lakini "ilitoka" ni kitenzi kile kile nilichokibandika ukutani. Maji yatatoka, urani ilitoka. Jiwe halitoki chini ya ardhi lenyewe. Lilikuwa chini kuliko maji, na maji yalikuwa chini kuliko njia ya kutokea. Kabla ya jiwe kupandishwa, mtu alipaswa kuyapandisha maji. Msemaji wa Likasi akitumia lugha ya nyumbani kwake angeweza kusema:

(15) Batu balitosha mayi, kisha balitosha mabwe.

Batu ni watu, mabwe ni mawe, na ba- ni kiambishi cha watu. Mzungumzaji wa Dar es Salaam akiisikia haraka anaweza kuona ni mchezo wa maneno: watu walitosha. Lakini kwa Likasi sentensi hiyo inasema jambo ambalo (14) hailisemi, kwamba watu waliyatoa maji, kisha wakayatoa mawe, na kwamba bila kazi ya kwanza ya pili isingewezekana.

Sikwenda mgodini kwa ajili ya makala haya. Shinkolobwe ilifungwa kwa amri ya rais mwezi Januari 2004, na mwezi Julai mwaka huo sehemu yake iliporomoka na kuua wachimbaji wadogo waliokuwa wakiendelea kuchimba. Hata kuhusu tukio hilo, "iliporomoka" ni kitenzi kisicho na mtendaji, na mara nyingi ndipo habari inapoishia.

6. Somo kwa wanaoandika na kutafsiri

Sisemi kwamba kauli ya kutendeka iachwe. Bila zibuka, funguka na haribika tusingeweza kuzungumza hata kwa saa moja. Ninachopendekeza ni kwamba kabla ya kuitumia katika maelezo ya kazi, au katika historia, tujiulize maswali matatu ambayo fundi wa maji hujiuliza kabla ya kufunga bomba.

La kwanza: je, kitu hiki kinakwenda chenyewe? Kama kiko juu ya mfereji, kiache kiwe kiima: maji yatashuka. Kama kiko chini, kiwe yambwa, na kiima kiwe kile au yule anayekiinua.

La pili: kwa nini? Namaanisha kwa kifaa gani, na kwa nguvu ipi. Umeme wa Likasi hukatika, na pampu isiyo na umeme haitoi kitu. Maelezo yasiyotaja nguvu yanamwachia msomaji aamini kwamba ipo daima.

La tatu: hadi wapi? Maji yanayopandishwa yanaweza kurudi. Kwenye bomba la mama mdogo kuna vali inayoruhusu maji kwenda upande mmoja tu, la sivyo kila pampu ikizimwa maji yaliyomo bombani yangeanguka tena shimoni. Sentensi nayo ihitimishe safari: kutoka wapi, kupitia wapi, mpaka wapi.

Karatasi mpya iliyo ukutani sasa ina mistari mitatu:

(16) Ukimaliza kufua, washa pampu kwa swichi nyekundu. Pampu itatoa maji shimoni na kuyapandisha hadi bomba kuu.
(17) Zima pampu shimo likiwa tupu.
(18) Umeme ukikatika, usifue. Maji hayatatoka yenyewe.

Mama mdogo aliisoma, akaomba kalamu. Chini ya mstari wa kwanza akaandika kwa mkono wake: Pompe itatosha mayi. Sikumzuia. Mpangaji alikuwa amekwisha kujua maana yake, na wapangaji wajao watajifunza.